Buti Lisilouma

Delfina alipanda ngazi za duka la Egidio asubuhi ya Jumanne akiwa ameshaamua ni buti gani analitaka. Alikuwa ameliona miguuni mwa watu msimu mzima: jepesi, jembamba, la rangi ya machungwa, lina bizimu mbili tu za kufungia badala ya nne. Nyuma yake alikuja Ersilia, rafiki yake tangu siku za mapengo, akikung'uta theluji mabegani na kulalamika kwamba ngazi zile zilijengwa na mtu aliyewachukia wanawake wa umri wao.

"Polepole basi," Ersilia alisema. "Mabuti hayana mbio."

"Ya saizi yangu yanaisha."

Delfina alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na miwili alipeleka barua katika vitongoji vya bonde lililo juu ya mji wa Bormio, kaskazini mwa Italia, na kwa kuwa wakati wa theluji gari halifiki kila mlango, nyingi alizipeleka kwa miguu. Watu walimtania kwamba yule hana miguu, ana kwato. Alicheka nao, lakini moyoni aliona fahari. Wako waliojivunia sauti zao kanisani, wako waliojivunia jibini lao; yeye alijivunia nyayo. Septemba alistaafu, na zawadi aliyojiahidi ilikuwa moja tu. Mwezi wa Aprili yeye na Ersilia wangezunguka mito ya barafu ya kule juu kwa siku sita, wakipanda kwa skii na kushuka kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji zinazofungwa kwenye buti, wakilala katika vibanda vya wapanda mlima. Safari ile waliipanga tangu wakiwa wasichana, na kila mwaka ilitokea harusi, uzazi au mazishi yakaiahirisha.

Mabuti ya zamani yalikuwa yamemaliza kazi. Plastiki nayo huzeeka. Januari, akiwa katikati ya mteremko, gamba la buti la kushoto lilipasuka vipande viwili kama ganda la yai, ikabidi ashuke mpaka barabarani mguu mmoja ukiwa umefungwa kamba.

Egidio alikuwa mtu wa miaka hamsini, mfupi, miwani kila mara iko kwenye paji la uso na haishuki puani ila akishika mguu wa mtu. Hakumruhusu mteja kugusa rafu.

"Kaeni. Vueni viatu na soksi," ndivyo alivyowakaribisha.

"Na wewe habari za asubuhi," Ersilia alimjibu.

Egidio alichuchumaa, akauweka mguu wa Delfina juu ya bamba la chuma la kupimia. Aliangalia, akamwambia asimame, akaangalia tena.

"Sentimita ishirini na sita. Mara ya mwisho ilikuwa ishirini na tano. Mguu umetanuka, dada Delfina."

"Mara ya mwisho wewe ulikuwa na nywele. Leta lile la machungwa."

"Siku sita na mzigo mgongoni, halafu lile la machungwa?" Egidio alishusha pumzi kama mtu aliyeulizwa swali lilelile mara ya mia. "Sikiliza. Kupanda kunataka buti linaloachia kifundo kikunje. Kushuka kunataka buti linalokamata kama ukuta. Lile la machungwa linapanda vizuri, lakini ukishuka na mzigo litakuyumbisha. Hili jeusi la bizimu nne ni zito kidogo, ila magoti yako yatanishukuru."

"Hilo ni la wanaume waoga."

"Ndilo navaa mimi."

"Nimesema nini basi?"

Ersilia alicheka mpaka akakohoa. Mwishowe walikubaliana kitu cha katikati: buti la kijivu, la bizimu tatu. Egidio alitoa buti laini la ndani, akamtumbukiza Delfina mguu mtupu ndani ya gamba, akamwambia asogeze vidole mpaka viguse mbele, kisha akapitisha vidole vyake viwili nyuma ya kisigino. Viliingia bila shida wala nafasi ya ziada.

"Ishirini na sita, kama nilivyosema. Vaa sasa lote kamili."

Delfina alivaa, akafunga bizimu, akasimama. Uso ukakunjamana.

"Linapwaya."

"Haliwezi kupwaya."

"Mguu ni wangu au wako? Unaogelea humu ndani. Nipe ndogo."

Egidio alileta ishirini na tano. Delfina alikunja magoti, akainua visigino, akatikisa kichwa. Hilo nalo alilisikia kama amevaa ndoo. Pembeni, Ersilia alikuwa amevaa pea yake na analalamika kuwa inamuuma hapa kwenye kidole gumba, na hapa kwenye mfupa, na nyuma ndiyo usiseme.

"Dada Ersilia, wewe hata kofia inakuuma," Egidio alimwambia bila kugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wa Delfina. "Miaka ishirini na saba nafanya kazi hii. Kila mteja ananiambia linabana. Wewe wa kwanza kuniambia linapwaya ukiwa na saizi iliyo chini ya mguu wako."

"Basi leo umejifunza. Ishirini na nne unayo?"

"Ninayo, iko mezani naibadilisha mkanda wa juu. Hata vijana wa mashindano hawavai hivyo."

"Lete."

Alilileta. Ilibidi amsaidie kusukuma, mmoja kashika gamba, mwingine kashika meza. Mguu ulipozama, Delfina alisimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukafunguka. Hili lilimshika. Alijua alipo.

"Hili hapa," alisema. "Ni kama nimezaliwa nalo."

Egidio hakuafiki, lakini alikuwa na desturi yake, nayo hakuivunja kwa mtu yeyote: buti halinunuliwi mpaka litembee. Alimwamuru apande ngazi za jengo mpaka ghorofa ya tatu na kushuka, mara sita, kisha asimame dakika kumi akiwa amekunja magoti. Delfina alikwenda. Walimsikia akigonga ngazi kwa kishindo, akimsalimia mwanamke wa ghorofa ya pili, akimuuliza habari za binti yake aliyeko Milano. Alirudi mashavu mekundu, hana hata dalili ya uchovu. Alikunja magoti akisimulia jinsi watakavyoanza safari, siku ya kwanza watalala wapi, na nani atabeba kamba. Dakika arobaini zilipita tangu alivae.

"Linauma wapi?" Egidio alimuuliza.

"Haliumi popote."

"Lazima liume mahali. Mguu wa ishirini na sita uko ndani ya buti la ishirini na nne."

"Fundi, unalazimisha maumivu?"

Egidio alipiga goti, akafungua bizimu, akauvuta mguu wa kulia. Soksi ya Delfina ilikuwa ya sufu, ya kijivu. Chini, pale kwenye nyama ya nyuma ya vidole, haikuwa ya kijivu tena. Ilikuwa imelowa nyekundu mpaka katikati ya wayo. Kitu kidogo kilidondoka kutoka kwenye sufu, kikalia sakafuni, kikabingirika hadi mguuni pa kiti cha Ersilia.

Ersilia aliinama akakiokota. Ilikuwa skrubu fupi, ile ya kufungia mkanda wa juu, ncha yake imechongoka.

Uso wa Egidio ulisawijika. "Ni yangu," alisema. "Nilikuwa nabadilisha mkanda. Imeangukia ndani. Mungu wangu, dada Delfina, ni uzembe wangu, sijawahi, miaka yote hii sijawahi." Aliivua soksi haraka. Tundu lilikuwa dogo lakini refu kwenda ndani, na kingo zake zilikuwa zimesagika kwa kukanyagiwa tena na tena.

"Acha kulialia," Delfina alisema, akimpigapiga begani. "Hata sikuihisi. Bandika plasta, tuendelee."

Aliposema hivyo aliwatazama, akitegemea watacheka naye. Ersilia, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi, alikuwa ameishika ile skrubu kwenye kiganja na mdomo uko wazi. Egidio naye alikuwa ameacha kujilaumu. Alishusha miwani puani.

"Umepanda ngazi mara sita," alisema taratibu.

"Mara sita, ndiyo."

"Juu ya hii."

Hapo ndipo Delfina alipoutazama tena wayo wake.

Egidio alimsafisha kidonda kwanza, akakifunga. Kisha alikwenda kwenye meza yake, akachomoa unywele mmoja mgumu kutoka kwenye brashi ya kupakia gundi, akarudi akachuchumaa. "Fumba macho. Nitakugusa nyayo zote mbili, mahali mbalimbali. Kila nikikugusa, sema 'hapo'."

"Michezo gani tena hii?"

"Nifurahishe tu."

Delfina alifumba macho. Alisikia saa ya ukutani, akasikia gari la kusukuma theluji likipita chini barabarani. Alisubiri. Alimsikia Ersilia akivuta pumzi na kuizuia. Alisubiri tena mpaka subira ikamwisha.

"Haya, anza basi," alisema.

"Nimeshamaliza, dada."

Alifumbua macho. Egidio alikuwa ameketi sakafuni, ule unywele uko mkononi, na hakumtazama usoni. Ersilia alikuwa akilia bila sauti.

Delfina alitazama miguu yake miwili iliyowekwa kwenye kigoda. Ilikuwa ileile, vidole kumi, sugu zilezile, kovu la mbwa wa kitongoji cha juu aliyemng'ata mwaka ule wa mafuriko. Alivitikisa vidole, vikatikisika. Vilimtii kama siku zote, ila havikumwambia chochote.

"Niuzie buti langu," alisema.

"Sikuuzii."

"Egidio."

"Nenda hospitali. Kesho, si Jumatatu ijayo. Kaka wa mama yangu alianza hivi hivi. Sikuuzii, hata ukiniita jina gani."

Ersilia alimrudisha nyumbani kwa gari. Njia nzima hakusema kitu, na kimya kile kilimtisha Delfina kuliko ile damu.

Aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi wake, juu ya barabara. Mchana ule hakupika. Aliketi jikoni, akavua soksi, akachukua uma mezani akaanza kujidunga kwenye wayo wa kushoto, ule usio na kidonda. Uma ule haukumuuma. Aliudunga kwenye kisigino, kwenye mgongo wa mguu, kwenye kifundo. Aliona ngozi ikibonyea na alama nne nyeupe zikigeuka nyekundu, kama anayemtazama mtu mwingine akifanyiwa. Akapanda nao taratibu kwenye muundi, na alipofika upana wa kiganja kimoja juu ya kifundo akaruka kwenye kiti kwa maumivu. Hapo palikuwa pake. Alichukua kalamu akachora mstari kuuzunguka mguu. Kulia akafanya vilevile. Mstari ukatokea karibu palepale. Akaketi akiitazama ile mistari miwili ya wino, pumzi zikimwenda mbio.

Mambo yalianza kumrudia moja moja, yote madogo. Krismasi alikuwa ameinyoosha miguu jikoni mbele ya jiko, na aliyemwambia kwamba soksi inaungua ilikuwa pua yake. Ndala yake ya ndani ilibaki kwenye ngazi, naye akafika chumbani, akatandika kitanda, akashuka tena akaikuta, akacheka uzee wake. Kwenye mteremko alianguka mara mbili msimu ule mahali ambapo hata watoto wa shule hawaanguki, akalaumu yale mabuti. Kiu ya usiku alikuwa ameilaumu nyama kavu ya chumvi. Kila kitu kilikuwa na jibu lake, na yeye alikuwa ameyakubali majibu yote.

Daktari wa hospitali ya bondeni alikuwa mwanamke kijana kutoka kusini, mwenye sauti ya upole na mikono ya baridi. Alimtoa tone la damu kidoleni, akaangalia namba kwenye kimashine, akatoa tone jingine ili kuhakikisha.

"Mama, una sukari. Siyo ya jana. Miaka minane hivi, labda kumi. Imezila neva za miguu polepole, kuanzia vidoleni. Kwa nini hukuja?"

"Sikuwa naumwa."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo," daktari alisema.

Alimweleza dawa, chakula, na jinsi ya kuikagua miguu kila jioni kwa kioo. Delfina alisikia nusu. Alimweleza habari ya mabuti, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomkaa kooni: kwamba alivaa la saizi yake likampwaya, akavaa dogo likampwaya, mpaka lilipofika lile dogo kabisa ndipo akaona limemkaa.

Daktari aliweka kalamu chini. "Wote hufanya hivyo. Kiatu kinachokutosha hakigusi chochote ambacho bado kinahisi. Mpaka kikukandamize hasa ndipo habari inafika juu, na wewe unasema ah, hiki ndicho. Mguu unakuchagulia kiatu kitakachouua."

Maisha yake yote hakuna kitu Delfina alichokiamini kama miguu yake. Alijua kwa nyayo barafu ipi ni ya jana na ipi ni ya leo, daraja lipi limeoza chini ya theluji. Sasa alijiuliza ni lini hasa ilikoma kumwambia ukweli, na barua ngapi alizipeleka akiwa juu ya miguu iliyokwisha kunyamaza. Kwamba kufa ganzi kulikuja bila kubisha, hilo alianza kulikubali. Kilichomwacha ameduwaa ni kwamba alisimama dukani mbele ya watu, akiwa na uhakika kuliko wakati wowote, na uhakika wenyewe ndio uliokuwa ugonjwa.

"Na Aprili?" aliuliza. "Siku sita kwenye barafu."

"Miguu ikiganda haitakuambia."

"Nikienda?"

"Utarudi, mama. Vidole siviahidi."

Jioni ile Ersilia alikuja na sufuria ya tambi za ngano nyeusi zilizojaa kabichi na jibini, akakumbuka mlangoni kwamba mwenzake sasa haruhusiwi, akasimama nayo kifuani kama mwizi.

"Nimepiga simu kwenye vibanda vyote," alisema. "Nimefuta."

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Ersilia, hii ni miguu yangu."

"Na mgongo ni wangu. Unadhani nitakubeba juu ya barafu? Mimi hata mifuko ya sokoni nabebewa."

"Miaka arobaini unasubiri kisingizio. Umekipata. Siku zote ulikuwa mwoga."

Ersilia aliiweka sufuria chini kwenye theluji, akaondoka bila kuaga.

Kidonda cha skrubu kilipona mapema kuliko walivyotarajia, na hilo ndilo lililomponza. Wiki tatu baadaye Delfina alipanda basi akashuka hadi mji wa chini, kwenye duka kubwa ambako hakuna aliyemjua. Alimwambia muuzaji, msichana mwenye haraka, kwamba anataka la machungwa, ishirini na nne, hana haja ya kupimwa. Msichana alilifunga sanduku kwa karatasi ya zawadi. Delfina hakumwambia kwamba zawadi ni yake mwenyewe.

Kesho yake, kukipambazuka, alipanda peke yake kuelekea malishoni. Theluji ilikuwa kavu na ngumu. Alibandika ngozi chini ya skii ili zisirudi nyuma, akafunga bizimu mbili, akaanza kukwea katikati ya misonobari. Kila hatua ilimshika vizuri. Kwenye kona ya pili alianza kuimba. Alifika kwenye mazizi ya kiangazi yaliyozikwa mpaka kwenye mapaa, akala tufaha, akautazama mto wa barafu ukiwa wote mweupe mbele yake, akamcheka daktari, akamcheka Egidio. Kushuka kulikuwa kuzuri kuliko miaka mingi. Saa tano asubuhi alikuwa mlangoni kwake, mwepesi kama msichana.

Alikaa kwenye benchi ya nje, juani, akavua buti la kulia. Sawa. Soksi safi. Akavua la kushoto. Soksi ilitoka kwa shida, kana kwamba imeshikwa, kisha ikaachia. Aliigeuza nje ndani, kama daktari alivyomfundisha, na kitu kikaanguka mapajani mwake. Alidhani ni kipande cha gome. Alikichukua kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga. Ulikuwa ukucha. Ukucha mzima wa kidole gumba, kuanzia shina mpaka ncha.

Alitazama chini. Kidole kilikuwa hapo, chekundu, kikichuruzika polepole juu ya theluji. Kando yake vidole viwili vilikuwa na rangi ya nta.

Delfina hakupiga kelele, maana kelele hutokana na maumivu, naye hakuwa na maumivu. Alibaki ameshika ule ukucha huku jua likimwaka usoni. Alikuwa ameimba. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza. Wakati ule ukucha unang'oka, pengine kwenye ile kona ya pili, yeye alikuwa anaimba.

Baadaye aliitafuta simu mfukoni. Namba aliyoipiga haikuwa ya hospitali.

"Njoo," alisema.

"Umefanya nini?" Ersilia aliuliza.

"Njoo tu."

Ersilia alikuja ndani ya dakika nane, na aproni kiunoni. Aliona mguu, akaona lile buti la machungwa, akaelewa yote. Alipiga magoti kwenye theluji akakifunga kidole kwa aproni yake, akivitia joto vile viwili vya nta kati ya viganja vyake, huku akimtukana bila kupumzika: mpumbavu, punda, mwanamke asiye na akili hata ya kuku, mama yake alimzaa akiwa amelala. Delfina alimsikiliza, na machozi ndipo yakaja.

"Endelea," alisema. "Usinyamaze."

Vidole viwili vilipona. Kidole gumba kilimweka ndani mpaka Mei, na daktari hakuwa na sauti ya upole tena. Aprili ilipita. Mabuti ya machungwa Ersilia aliyauza kwa mjomba wa mtu, hakumwambia Delfina nani.

Msimu uliofuata, Novemba, Delfina alirudi dukani kwa Egidio pamoja na Ersilia. Alikuwa amepungua kilo tisa na sukari yake imetulia. Aliketi, akavua viatu na soksi bila kuambiwa.

"Sitasema chochote," alimwambia. "Chagua wewe."

Egidio alimtazama kwanza kama mtu anayesubiri mzaha. Hakuuona. Alimpima, akamwandikia ishirini na sita na nusu ili soksi nene ikae. Alichukua lile jeusi la bizimu nne, lile la wanaume waoga, akalipasha moto buti la ndani mpaka likalainika na kujiunda juu ya mguu, na alikuwa ameweka vipande vya sponji juu ya vidole vya Delfina ili buti likipoa libaki na nafasi. Ndani kote alishona kitambaa cheupe.

"Cha nini?" Ersilia aliuliza.

"Ili chochote kikitokea kionekane. Na kabla ya kuvaa, mnalipindua, mnalikung'uta, mnaingiza mkono mpaka mbele. Kila mara. Hata kama mmelivua dakika moja." Alimgeukia Delfina. "Unalisikiaje?"

"Kama nimevaa hewa."

"Vizuri."

"Si vizuri. Ni vibaya sana." Alishika kingo za kiti. "Lakini nifunge."

Februari walipanda, siku moja tu, mlima usio na mito ya barafu, wenye msalaba kileleni. Sharti la daktari lilikuwa kwamba kila saa moja wasimame, wavue, waangalie. Ersilia aliangalia. Alitandaza mkeka wa sponji, akampakata mwenzake mguu, akakagua kati ya kila kidole kama mtu anayechambua mchele, huku akilalamika kwamba mgongo unamuuma, upepo unamuuma, na yeye hakuna anayempakata.

Kituo cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili pia. Kwenye cha tatu walikuwa wameshauona msalaba. Ulibaki mwinuko mmoja, nusu saa labda. Watu wanne waliwapita wakisalimia. Ersilia alivua soksi ya kushoto, akanyamaza.

"Nini?" Delfina aliuliza.

"Kisigino. Pamekuwa pekundu. Kiasi cha sarafu."

"Pamechubuka?"

"Bado."

Delfina aliusikiliza mguu wake. Aliusikiliza kwa nguvu zake zote, kama anayeweka sikio ukutani. Ulimwambia kwamba hakuna shida yoyote, kwamba msalaba uko pale, twende. Alitazama kitambaa cheupe ndani ya buti, kisha akamtazama Ersilia, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akingoja kutukanwa.

"Bandua ngozi kwenye skii," Delfina alisema. "Tunashuka."

Ersilia hakubisha, jambo ambalo si la kawaida yake. Alimbandika plasta pana, akaingiza mkono ndani ya buti mpaka mbele, akamvisha, akamfunga bizimu zote nne.

Kushuka hakukuwa kuzuri. Buti pana halikumwambia alipo. Kwenye kona ya kwanza alikaa chini kama gunia, kwenye ya pili vilevile. Kwenye ya tatu aliacha kuitafuta miguu, akaanza kuyafuata magoti, kwa kuwa magoti bado yalikuwa yake, na akitazama ncha za skii kama dereva anayejifunza. Aliifanya kona moja, mbaya, iliyopinda. Akaifanya nyingine. Walipofika kwenye misonobari alikuwa ameanguka mara saba na nguo zimelowa mpaka kiunoni.

Ersilia alimsubiri chini akihema, fimbo zimechomekwa kwenye theluji.

"Vipi?" aliuliza.

"Vibaya," Delfina alisema, akipangusa theluji kwenye nyusi. "Jumamosi una nafasi?"